Adili Moja, Maadili Mengi

Miongoni mwa vitu vya Mwalimu Julius Nyerere vilivyohifadhiwa Butiama, mkoani Mara, imo kazi isiyotajwa sana: tafsiri ya Kiswahili ya sehemu ya Jamhuri ya Plato, ambayo Mwalimu aliiandika kwa mkono. Wengi wanaopita Bunda au Musoma kwenda Mwitongo, hapo hapo Butiama, penye majabali na makazi ya ukoo wa Chifu Nyerere Burito, baba yake Mwalimu, huenda kuona kaburi alimozikwa Mwalimu Oktoba 1999, nyumba yake na zawadi alizopewa ugenini. Mimi mawazo yangu huenda kwanza kwenye karatasi hizo. Mtu aliyekwisha kumsemesha Brutus wa Shakespeare Kiswahili, na aliyeandika Mabepari wa Venisi mahali ambapo mfasiri mwingine angetosheka na "mfanyabiashara", hakuwa mtu wa kuokota neno la kwanza lililomjia. Na Plato humlazimisha mfasiri kuchagua mapema sana, kwa sababu ya neno moja: arete.

Mgiriki wa kale alilitumia neno hilo kwa vitu vingi kuliko tunavyodhani. Karibu na mwisho wa kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Socrates anamhoji Thrasymachus kuhusu farasi, macho, masikio na kisu cha kupogolea mizabibu. Kila kimoja kina kazi yake, na kila kimoja kina arete yake, yaani ile hali inayokiwezesha kuifanya kazi hiyo barabara. Kisha anauliza: na roho ya mtu je, haina kazi yake? Hoja nzima inasimama kwa kuwa neno linabaki lilelile kutoka kwenye kisu hadi kwenye roho. Jaribu kulisema hilo kwa Kiswahili. Kisu kina ubora, hakina wema. Mtu ana wema. Ukisema ana ubora, msikilizaji anangoja umwambie ubora wa kitu gani. Kivumishi -zuri kinafika kote kuwili, kisu kizuri na mtu mzuri, lakini ukikifanya nomino unapata uzuri, na uzuri umekwisha kuhamia kwenye sura. Mfasiri akiandika ubora kwa kisu na wema kwa mtu, uzi wa Socrates umekatika mikononi mwake.

Kuna Mswahili mmoja aliyeufunga uzi huo bila hata kumfasiri Plato. Shaaban Robert alimpa mhusika wake mkuu jina la Utubora, na kitabu kikatoka 1968 kwa jina la Utubora Mkulima, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utu na ubora kwa pumzi moja. Sidhani kama arete ya binadamu imewahi kupewa jina lililo karibu zaidi nayo kwa Kiswahili. Tena Shaaban hakuliacha hewani: Utubora anaacha kazi ya ofisini na kushika jembe, na tunauona ubora wake katika kazi, ndiko hasa Socrates alikotaka tutazame.

Warumi walilitafsiri neno la Wagiriki kwa neno lao virtus, na Cicero mwenyewe anaeleza kwamba linatokana na vir, mwanamume. Ndiyo kusema kwa karne nyingi Ulaya ya Kilatini ilipoutaja wema wa mtu ilikuwa, kwa asili ya neno, inautaja uanaume. Sisi tuna mazoea ya namna hiyo katika "jikaze kiume", lakini neno letu kuu halikupita huko. Utu umetoka kwa mtu, na mtu hana jinsia. Kijana Nyerere akiwa Makerere, miaka ya 1940, aliandika insha ndefu juu ya uhuru wa mwanamke. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kumpa msingi wa hoja hiyo.

Hata hivyo, istilahi ambayo vitabu vya dini na falsafa vimeizoea kwa jambo hili si utu wala utubora. Ni fadhila. Na fadhila imesafiri.

Katika karne za 9 na 10, huko Baghdad, vitabu vya Aristotle vilitafsiriwa kwa Kiarabu, na arete ikaitwa faḍīla. Al-Farabi akaandika juu ya mji bora akauita al-madīna al-fāḍila, na chini ya kurasa zake unamsikia Plato. Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, akapanga maadili makuu manne kwa majina haya: ḥikma, ʿiffa, shajāʿa na ʿadāla. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kuyatambua matatu kati yake. Hekima ipo. Ushujaa upo. Uadilifu upo. Fadhila yenyewe ipo. Mti uliopandwa Athens na kumwagiliwa Baghdad matawi yake yamo katika mazungumzo yetu ya kila siku, ingawa maneno haya yalifika pwani kwa njia ya msikiti, hukumu na biashara, si kwa njia ya madarasa ya falsafa. Ndiyo maana yakapata maana za hapa.

Tazama fadhila ilivyogeuka. Kwa Miskawayh fadhila ni hali iliyomo ndani ya mtu. Kwa Mswahili fadhila ni kitu kinachotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Nakufadhili, unanifadhili, na aliyefadhiliwa ana deni la shukrani. Asipolilipa tunasema fadhila ya punda ni mateke, na wahenga waliochoka na binadamu wakashauri heri kumfadhili mbuzi. Mfadhili siku hizi ni mwenye fedha: anamlipia mtoto ada, anachimba kisima, anachangia bajeti ya serikali. Katika Kiarabu cha wanafalsafa mtu wa mzizi huo huo, fāḍil, ni yule aliyekamilika tabia, hata kama mfukoni hana kitu. Kwa hiyo Padri akisimama madhabahuni akahubiri fadhila ya kiasi, muumini anayejua Kiswahili cha nyumbani anapaswa kufanya kazi ndogo ya akili kabla hajaelewa kwamba hakuna aliyepewa msaada hapo.

Wapo waliolikwepa neno hilo. Katika maandishi ya Kikatoliki ya Kiswahili utakutana na fadhila nne za msingi, lakini pia utakutana na maadili bawaba. Wa kwanza kuziita hizo nne kwa jina la Kilatini lenye maana hiyo alikuwa Ambrosi wa Milano, katika karne ya 4, akitumia neno linalotokana na cardo, bawaba ya mlango. Busara, haki, nguvu na kiasi: maisha yote ya mtu yanazunguka hapo. Nalipenda neno bawaba kwa kuwa ni kitu kila fundi seremala anacho kwenye kisanduku chake. Sipendi nguvu. Nguvu kwa Kiswahili imekwisha kujaa misuli na umeme, na kinachokusudiwa ni kusimama imara mbele ya hofu bila kuyumba. Ujasiri nao una kasoro, maana tunasema pia "ana ujasiri wa kudanganya mchana kweupe", na Aristotle alimtenga kabisa mtu wa aina hiyo na mtu shujaa. Ningeandika uthabiti.

Adili nalo lina hadithi yake. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa haki, na katika lugha hiyo ndugu yake mmoja ni ʿidl, shehena ya upande mmoja wa ngamia inayopaswa kulingana na ya upande wa pili. Kiswahili kikalichukua jina la adili moja, haki, kikalifanya jina la yote: mwadilifu ni mtu mnyofu katika kila jambo, si hakimu mzuri tu. Nani aliamua hivyo? Hakuna, ni watu walivyosema mpaka ikawa hivyo. Lakini soma kitabu cha tano cha Maadili ya Nicomachus utamkuta Aristotle anasema karibu jambo lilelile, kwamba haki kwa maana yake pana si sehemu ya wema bali ni wema mzima unapomhusu mtu mwingine. Plato naye katika Jamhuri aliifanya haki kuwa ule mpangilio unaoziweka hekima, ushujaa na kiasi kila kimoja mahali pake. Wasemaji wa pwani walifika hapo kwa miguu yao wenyewe, na ukweli huo haunichoshi.

Kuna swali la kale ambalo Meno, kijana kutoka Thessaly, anamrushia Socrates bila hata salamu: je, arete hufundishwa, au hupatikana kwa kuzoezwa, au mtu huzaliwa nayo? Mazungumzo yanapofika mwisho Socrates anaongeza njia ya nne: pengine huja kama zawadi ya miungu. Kiswahili kina neno kwa kila njia. Elimu. Mazoezi. Hulka. Na ya nne ndiyo fadhila kwa maana yetu ya nyumbani, kitu ulichopewa hukukifanyia kazi. Nikiulizwa ni kwa nini istilahi hizi zinafaa kushughulikiwa kwa uangalifu, jibu langu liko hapa. Falsafa ya kale na ya zama za kati, kwa sehemu kubwa, ni mabishano juu ya lipi kati ya maneno hayo manne ndilo la kweli, na sisi tunayo yote manne, yamenolewa. Tukiyachanganya tunatupa zana zetu wenyewe.

Aristotle alichagua mazoezi. Maumbile, anasema, hayatupi wema wala hayatuzuii. Jiwe ambalo kwa maumbile yake huanguka hulifundishi kupaa hata ulirushe juu mara elfu kumi, lakini mtu anakuwa mjenzi kwa kujenga, na anakuwa mwenye haki kwa kutenda haki. Akacheza na sauti za lugha yake akionyesha kwamba neno la tabia na neno la mazoea linatofautiana kwa irabu tu. Hapa mfasiri wa Kiswahili anakanyaga tope. Tabia, ukirudi kwenye Kiarabu, ni maumbile, kile hasa ambacho Aristotle alikuwa akikikataa. Lakini Kiswahili kimelisogeza neno mpaka likawa mwenendo anaouonyesha mtu, mzuri au mbaya, na ukisema "ameanza tabia mpya" hakuna anayeshangaa. Tabia, basi, imeokoka. Mazoea ndiyo yaliyoharibika. Kiongozi wa serikali akitaka kukemea watumishi anawaambia waache kufanya kazi kwa mazoea. Mtu akikukosea adabu unasema umempa mazoea. Mazoea yana taabu, walisema wahenga. Ukimfasiri Aristotle ukaandika kwamba wema huzaliwa na mazoea, umemfanya atetee kile ambacho kila mwajiri anakipiga vita.

Dawa iko ndani ya kitenzi chenyewe. Zoea, zoeza, zoezwa, mazoea, mazoezi. Mazoea yanakujia bila kuyataka. Mazoezi yana anayezoeza, yana kusudi, yana kusahihishwa, yana kurudia. Mwanafunzi anayapata kwenye daftari, mwanamichezo anayapata uwanjani alfajiri. Wema wa Aristotle ni wa mazoezi kabisa, na ndiyo maana anaweka uzito mkubwa kwenye malezi ya utotoni, jambo ambalo sisi tumelisema kwa samaki anayekunjwa angali mbichi. Mwaka 1962 TANU ilichapisha kijitabu cha Nyerere kiitwacho Tujisahihishe. Lichambue jina hilo: sahihi, sahihisha, jisahihisha, na mwisho wake ule unaotoa wito. Ni neno la mwalimu mwenye kalamu nyekundu, lakini daftari ni la kwake mwenyewe na la wenzake. Kisarufi, sijui neno lingine la siasa ya miaka ile lililo karibu hivyo na Aristotle.

Mtego mwingine ni wastani. Kila adili, kwa Aristotle, liko kati ya kupita kiasi na kupungukiwa: ushujaa kati ya woga na kujitia hatarini ovyo, ukarimu kati ya ubahili na ufujaji. Wanafunzi wetu wakiambiwa kwamba wema ni wastani wanafikiria alama C. Na kwa kweli neno limekwisha kwenda huko. Wastani ni jumla gawanya kwa idadi. Aristotle alikwisha kuikataa hesabu hiyo kwa mfano wa Milo, mwanamieleka aliyesifika kwa ulaji. Kama mina kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, mkufunzi haagizi sita kwa kila mtu. Sita ni chache kwa Milo, na ni nyingi kwa anayeanza mazoezi leo. Kiasi ndilo neno. Lina kupima ndani yake, maana limetoka kwenye qiyās ya Kiarabu, na linamhusu anayepimiwa: kiasi chako si kiasi changu. Mtu wa kiasi haitwi hivyo kwa sababu ni wa katikati darasani.

Anayepima kiasi ni busara, na hapa Kiswahili kinatupa zawadi. Wagiriki walitenganisha sophia, kujua mambo ya juu yasiyobadilika, na phronesis, kujua la kufanya sasa hivi na mtu huyu. Sisi tuna hekima na busara. Hazilingani nazo kila mahali, lakini sikiliza watu wanavyozitumia: hekima unaweza kuwa nayo kitabuni, busara inaonekana kikaoni. "Tumia busara" huambiwa mtu aliye mbele ya uamuzi. Neno limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kuona, na Aristotle anaiita phronesis jicho la roho.

Sasa wachukulie makarani wawili katika ofisi moja, bila kujali ofisi gani. Kila mmoja ameletewa bahasha yenye shilingi laki tano ndani ya faili. Wa kwanza anaifungua, anaifunga, anaifungua tena. Anajua mwezi huu kuna ada ya shule. Jasho linamtoka, anaikataa, na usiku hapati usingizi kwa kuhesabu alichokikataa. Wa pili anaitoa kwenye faili na kumrudishia mwenyewe kama barua iliyokosea anwani, kisha anaendelea na faili. Matendo ni mamoja. Sheria ya rushwa haiwezi kuwatofautisha. Aristotle anawatofautisha kabisa. Wa kwanza amejizuia, na kujizuia ni jambo la heshima. Wa pili ana adili. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na ambaye kitabu chake Ihya wanazuoni wa pwani wanakijua, anasema karibu hivyo: tabia ni hali iliyotia mizizi rohoni, ambayo vitendo hutoka kwake kwa wepesi, bila kuhitaji kufikiri sana. Alama ni wepesi. Sisi Waswahili tunapenda kumsifu aliyejikaza, na tuendelee kumsifu, kwa kuwa wengi wetu tuko kwenye ngazi yake. Lakini kusudi la malezi ni kumfikisha mtu mahali ambapo hana haja ya kujikaza.

Uovu nao unajua thamani ya istilahi. Rushwa haijiiti rushwa. Inajiita chai, inajiita kitu kidogo, na mwaka 2000 iliingia kwenye sheria ya uchaguzi ya Tanzania kwa jina la takrima, ikidai ni ukarimu wa jadi wa mgombea kwa wapiga kura. Takrima, ukarimu, karama: mzizi mmoja, mzizi wa heshima na utoaji. Neno lile lile tunalolitumia kwa mama anayempakulia mgeni asiyemjua lilivalishwa mgombea anayegawa kanga na pilau wiki moja kabla ya kura. Mahakama Kuu iliifuta takrima mwaka 2006. Lakini mtu yeyote aliyesoma ukarimu kwa Aristotle angeifuta mapema zaidi, kwa kuwa mkarimu ni anayempa anayestahili, kwa kiasi kinachofaa, wakati unaofaa, kwa sababu ya uzuri wa tendo lenyewe. Mgombea huyo ana kiasi, ana wakati, na wakati ndio unaomshtaki.

Historia ya uongozi wetu inaweza kusomwa kwa maneno mawili. Azimio la Arusha la 1967 lilipotaka kumfunga kiongozi asijitajirishe, watu waliliita sharti hilo miiko: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Mwiko ni neno la ukoo, la kitu usichokigusa na usichoulizia sana sababu yake. Halmashauri Kuu ya CCM iliyokutana Zanzibar mwaka 1991 iliilegeza miiko hiyo. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na kiongozi akatakiwa kutoa tamko la mali zake. Neno limebadilika kutoka miiko kuwa maadili, na kwa sikio la mwanaistilahi hilo lingepaswa kuwa habari njema: tumetoka kwenye makatazo, tumekuja kwenye hali ya ndani ya mtu. Kilichotokea ni kinyume. Maadili yenyewe yamegeuka kuwa makatazo. Leo ukisikia "kanuni za maadili" unaona fomu ya kujazwa. Ukisikia "mmomonyoko wa maadili" unajua kuna anayelalamikia mavazi ya vijana. Maadili yamekuwa ya wingi tu, kama maji na mate, kitu kisichohesabika ambacho siku zote kinawapungukia watu wengine.

Kumbe ni wingi wa adili. Adili moja, maadili mawili, maadili manne. Shaaban Robert alilijua hilo alipomwita mhusika wake Adili katika Adili na Nduguze. Mtu mmoja, jina moja. Neno likiwa katika umoja unaweza kuuliza: una adili lipi, na lipi huna? Unaweza kuwa mkarimu na bado ukawa mwoga. Likiwa katika wingi usio na umoja, swali hilo halina pa kukaa.

Mkoa wa Mara umepewa sababu ya pekee ya kuuliza swali hilo sasa. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenye heri, na tangu hapo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Hatua inayofuata haitegemei umaarufu wala siasa zake. Inategemea kuthibitishwa kwamba aliziishi fadhila za kishujaa: imani, matumaini na mapendo, pamoja na zile nne za bawaba. Istilahi hiyo ina umri. Aristotle anaitaja mwanzoni mwa kitabu cha saba cha Maadili ya Nicomachus, wema wa kishujaa ulio juu ya binadamu wa kawaida, akimkumbuka Hector wa Homer. Walimu wa zama za kati waliichukua, na katika karne ya 18 Prospero Lambertini, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XIV, akaifanya kipimo katika kitabu chake kikubwa kuhusu kuwatangaza watakatifu. Wachunguzi hawatafuti tendo moja kubwa. Wanatafuta kama mtu alitenda mema kwa utayari, kwa wepesi na kwa furaha, mwaka hadi mwaka. Ni wepesi ule ule wa Al-Ghazali na wa karani wa pili.

Mtu mzima akifika Butiama anajua kwamba haki, mojawapo ya hizo nne, itabishaniwa. Wapo wanaokumbuka sheria ya 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, na familia zilizohamishwa kwenda vijiji vipya miaka ya 1970. Kumbukumbu hizo ni sehemu ya uchunguzi wa kweli, na neno haki halitendewi haki zikifichwa. Wapo pia wanaokumbuka aliyeacha uwaziri mkuu Januari 1962 akarudi kwa wananchi, aliyeng'atuka urais 1985 akarudi Butiama kulima, na aliyezigeuza Injili kuwa tenzi katika uzee wake. Kung'atuka: hata hilo ni neno la Kizanaki alilolipa taifa zima, na baada yake hakuna mzee wa Tanzania anayelifahamu kwa maana mbaya.

Ni katika mchakato huu ambapo naona fadhila inastahili kubaki. Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alimpokea Aristotle lakini akaongeza daraja: yapo maadili ambayo mtu huyapata kwa mazoezi, na yapo ambayo Mungu humimina ndani yake bila mtu kuyastahili. Augustino, mwana wa Thagaste katika Algeria ya leo, alikwisha kusema kwamba wema ni kupenda kwa mpangilio unaofaa, na kwamba uwezo wa kupenda hivyo ni zawadi. Kwa daraja hilo la juu hakuna lugha iliyo na neno bora kuliko letu. Fadhila ni kitu ulichopewa, na kinadai shukrani. Kile kilichokuwa kasoro tulipomfasiri Aristotle kinakuwa usahihi tunapomfasiri Akwino: imani, matumaini na mapendo ni fadhila kwa maana ya Kanisa na kwa maana ya barazani pia. Busara, haki, uthabiti na kiasi ni maadili, kila moja ni adili, na linatoka jasho.

Kwa hiyo nawaomba wanaofasiri vitabu vya falsafa, wahariri wa vitabu vya kiada, makatekista wa Musoma na wa kwingineko, na walimu wa uraia: andikeni adili katika umoja. Semeni adili la kiasi, adili la haki, adili la busara. Mkimfasiri Aristotle tumieni mazoezi, mazoea yaacheni. Fadhila itunzeni kwa ajili ya kinachotolewa bure. Na sheria ya viongozi iwe na jina la sheria, ili mtoto wa Butiama akiulizwa maadili ni nini asifikirie fomu ya tamko la mali.